Wanafunzi 84 na masaa manne ndani ya makumbusho, unaanzia wapi?

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nimepewa jukumu la kuwapeleka darasa la sita makumbusho ya historia asilia na sayansi. Wapo 84, watu wazima tuko 7 na mimi nikiwemo, tutakaa pale masaa manne. Mwaka jana mwenzangu aliwapeleka, wakarudi na karatasi ya maswali 40 imejazwa vizuri tu, lakini ukiwauliza mliona nini wanakwambia "tuliona wanyama". Niipangeje isiwe hivo tena? Na karatasi ya maswali niwape au niachane nayo?

Jibu: Salama mwalimu, na pole, maana najua ukishaandikwa jina kwenye hiyo kazi basi hata choo cha huko kikiwa kimefungwa kosa ni lako. Mimi nilifundisha miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa kupokea makundi ya shule, kwahiyo huo mlango nimeshausimamia ndani na nje, na mengi nitakayokwambia nimeyajua kwa kuyakosea.

Nianze na karatasi. Maswali 40 kwa masaa manne ni swali moja kila dakika 6, na hapo hujatoa chakula, hujatoa foleni ya choo, hujatoa yule mtoto aliyepoteza kiatu. Unajua mtoto anafanyaje? Hatazami kitu, anatafuta kibao cha maelezo. Nimeona kwa macho yangu mtoto kafika kwa twiga, twiga mzima aliyekaushwa, kampa mgongo, kapiga goti kwenye kibao ananakili urefu na uzito alafu huyo kaondoka, kichwa hata hakukiinua. Nyuma yake wenzake kumi na moja wakanakili kutoka kwake. Ukikusanya zile karatasi unaona darasa zima limepata, kumbe aliyesoma kibao ni mmoja na aliyemuona twiga hayupo. Kwahiyo kosa sio la mwenzako wala la watoto, ile karatasi ndo iliyowatuma kusoma vibao, na wakasoma.

Ushauri wangu: chagua vitu vitatu. Sio kumbi tatu, vitu vitatu. Najua utasema tumetoka mbali, tumelipa, tuone kila kitu, na wazazi watauliza. Lakini hakuna mtu anayeona kila kitu makumbusho, hata sisi tunaofanya kazi humo. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho, alimpiga picha mtu akiinama, akichuchumaa, akinyoosha shingo ili aone vilivyomo kwenye makabati, akaonyesha kwamba kinachotuchosha sio kutembea tu, ni hiyo kazi ya kuangalia yenyewe. Hiyo ni mtu mzima. Mtoto wa darasa la sita ana kama dakika 30 au 40 za umakini wa kweli, baada ya hapo anaanza kuangalia viatu vya wenzake.

Alafu kuna jambo lingine walimu wengi hawalijui. Mwaka 1978 mtafiti John Falk na wenzake waliandika kwamba mtoto akipelekwa sehemu ngeni kabisa, ugeni wenyewe unamla akili, anachunguza mazingira kwanza na lile somo ulilompelekea linasubiri. Ndo maana ukimshusha kwenye basi ukamwambia moja kwa moja "nyamaza tusikilize" hakusikii, anaangalia dari, anaangalia ngazi, anajiuliza choo kiko wapi na tutakula saa ngapi. Usishindane na hilo, litoe njiani mapema. Wiki moja kabla waonyeshe ramani na picha za jengo, hapa tutaingilia, hapa mabegi, hapa choo, hapa tutakula, saa fulani tunaondoka. Na mkifika wape dakika 15 za kuzunguka na kushangaa kwenye ukumbi mmoja mkubwa bila kazi yoyote, wapige makelele yao ya "we njoo uone hii!" yaishe. Hizo 15 zinarudi na faida, niamini.

Sasa vitu vitatu vipi? Inategemea makumbusho yenyewe yana nini, na ndo maana lazima uende peke yako kabla ya ziara, hili halina mjadala. Nenda na kidaftari, tembea kwa mwendo wa mtoto, chuchumaa uone kitu kinaonekanaje kutoka urefu wa mtoto, maana kuna makabati ambayo mtu mzima anaona vizuri na mtoto anaona taa tu inang'aa kwenye kioo. Angalia pia watoto 10 wanaweza kusimama wapi bila kuziba njia. Kuna maonyesho mazuri sana ambayo yapo kwenye kona wanapoenea watu wanne, hayo yasahau.

Nikupe mfano wa kituo kimoja ambacho hakijawahi kuniangusha, mafuvu. Karibu kila makumbusho ya historia asilia yana fuvu la mla nyama na fuvu la mla majani. Waweke watoto mbele yake, usiseme jina la mnyama, na kama unaweza simama wewe kwenye kibao ukizibe. Waambie kaeni kimya dakika moja muangalie, alafu kila mtu ataje kitu kimoja alichokiona ambacho mwenzake hajakitaja. Watano wa kwanza watasema meno, meno, meno. Wa sita ndo atakwambia mashimo ya macho ya huyu yanatazama mbele na ya yule yako pembeni. Hapo waulize, nani anahitaji kupima umbali wa kitu kilichoko mbele yake, na nani anahitaji kujua nani anamnyemelea nyuma? Mwingine ataona lile pengo kati ya meno ya mbele na magego ya mla majani. Mwingine ataona magego ya mla nyama yanapishana kama mkasi. Waambie wapitishe ulimi kwenye meno yao wenyewe, alafu watafune hewa, wahisi taya la binadamu linaweza kwenda upande upande, la simba linafunga na kufungua tu. Watoto 10 wanatafuna hewa mbele ya kabati, wageni wengine watawashangaa, waache washangae.

Wakishajiona wataalamu, wapeleke kwa kiboko. Yale meno! Wote watapiga kelele mla nyama, na kiboko anakula nyasi, yale makubwa ya mbele ni ya kupigana, ukiangalia magego nyuma ni ya kusagia. Hapo kuna ukimya fulani hivi unaingia, sekunde tatu nne, mtoto anarudi kuangalia upya kitu ambacho alishakimaliza. Mimi ziara nzima naipanga kwa ajili ya hizo sekunde.

Kama hakuna mafuvu kuna viunzi vya mifupa. Mwambie mtoto ahesabu pingili za shingo ya twiga, atakuta 7, alafu mwambie na yeye anazo 7. Au mpeleke kwa pundamilia au farasi umuulize goti la mguu wa nyuma liko wapi, ataonyesha pale panapokunjika kuelekea nyuma, kumbe pale ni kisigino, goti lenyewe liko juu karibu na tumbo, mnyama anatembea kwenye ncha ya kidole kimoja. Watoto wataanza kutembea kwa vidole humo ndani, sawa tu, ilimradi hawakimbii.

Jiandae na swali moja ambalo litakuja, nakuhakikishia, mara mbili au tatu: "mwalimu, hii ni ya kweli?" Usijibu haraka haraka "ndiyo" maana vingine sio, na mtoto akigundua baadae umemdanganya anaacha kuamini hata vilivyo vya kweli. Viunzi vingi vya dinosaria ni nakala, au mchanganyiko wa mifupa halisi na ya kutengeneza. Yule dinosaria maarufu wa London aliyeitwa Dippy, aliyeonyeshwa kuanzia 1905 na kuangaliwa na vizazi na vizazi, ni plasta mwanzo mwisho, na mwaka 2017 kwenye ukumbi ule mkubwa pakawekwa kiunzi cha nyangumi buluu cha mita 25, huyo mifupa yake ni halisi. Sue wa Chicago, yule tairanosaurasi aliyepatikana 1990, kiunzi chake ni mifupa halisi lakini kichwa kilichopo shingoni ni nakala, fuvu lake mwenyewe ni zito mno likawekwa kwenye kabati lake peke yake. Na lile jitu la Berlin, dinosaria mwenye kimo cha mita 13 na zaidi, lililochimbwa Tendaguru, Tanzania ya leo, kati ya 1909 na 1913, lina mifupa mingi halisi na sehemu zilizojaziwa. Kwahiyo badala ya ndiyo au hapana mrudishie swali, tutajuaje? Makumbusho makini huandika kwenye kibao, au huipa sehemu ya kutengeneza rangi tofauti kidogo. Wakatafute. Hiyo peke yake ni kituo kizima, na ni sayansi zaidi kuliko kukariri majina ya dinosaria.

Upande wa ukumbi wa sayansi, ule wa vitufe na magurudumu, kuna ugonjwa mmoja, mtoto anabonyeza na kuondoka kabla kitu hakijatokea. Anabonyeza vyote ukumbi mzima kwa dakika 6 alafu anakuja kukwambia amemaliza. Dawa yake ni sharti moja, hakuna kubonyeza kabla hujamwambia mwenzako unadhani nini kitatokea. Wawili wawili, mmoja anatabiri, mwingine anabonyeza, wote wanasubiri. Walimu wanaosimamia wasiwe wanaeleza, wawe wanauliza tu "ulidhani nini?" basi.

Mkikuta pendulamu ya Foucault (ile tufe nzito inayoning'inia kwenye waya mrefu, Léon Foucault aliionyesha Paris 1851 kuthibitisha kwamba dunia inajizungusha) msikae kuisubiri, ukiikodolea unaona inaenda na kurudi tu. Ipitieni asubuhi, wachore ilipoelekea, mrudi kabla ya kuondoka. Mkiwa kwenye latitudo (umbali kutoka ikweta) ya digrii 30, mwelekeo wake unageuka kama digrii 7 na nusu kwa saa, ukisogea kuelekea ncha inageuka haraka zaidi, ukiwa kwenye ikweta haigeuki kabisa. Kwahiyo piga hesabu ya mahali mlipo kabla hujawaahidi watoto muujiza.

Haya, mambo ya utaratibu. Ukiongoza kundi wewe mwenyewe nani atapokea simu ya dereva? Nani atakaa na anayetapika? Wewe usichukue kundi. Wanabaki watu wazima 6, ina maana watoto 14 kila mmoja, wengi mno kwa kituo kama cha mafuvu, wa nyuma hawaoni na asiyeona anachokoza. Tafuta wazazi wawili zaidi, mtashuka hadi 10 au 11, hapo panafanyika kazi. Hao wazazi wape karatasi ya ukurasa mmoja siku mbili kabla, majina ya watoto wa kundi lao, vituo vitatu kwa mpangilio wao, swali moja la kila kituo, namba yako ya simu. Usiwakabidhi mlangoni. Na waambie kwa upole kwamba kazi yao ni kuangalia watoto, sio kupiga selfi na dinosaria, hilo limeshanikuta.

Makundi yaanze vituo tofauti na yazunguke upande mmoja, msirundikane wote kwa mafuvu kwa wakati mmoja. Kila kituo dakika 25, katikati mapumziko, chakula kikae katikati ya ziara sio mwisho, watoto wenye njaa hawajifunzi na wanaudhi. Ukihesabu hivo masaa yako manne yanagawanyika, nusu saa ya kwanza inaliwa na mabegi na choo, 15 za kushangaa, vituo vitatu, chakula dakika 40, nusu saa ya kurudi kwenye kitu alichokipenda kila mtoto, na kilichobaki ni cha dharura maana dharura itakuja. Watoto 84 wakitaka choo kwa pamoja ni nusu saa hiyo, mimi nawapeleka kwa makundi wakati wengine wanazunguka.

Ukipiga simu kuweka nafasi usiulize bei tu. Uliza wanapokea makundi mangapi siku hiyo, maana mkikutana shule nne ukumbi mmoja mpango wako umekufa. Uliza kuna ukumbi umefungwa kwa ukarabati? Basi linaegesha wapi, mabegi yanawekwa wapi, mnaweza kula ndani mvua ikinyesha, mtoto wa kiti cha magurudumu anapitia lifti ipi. Kama kuna onyesho la sayari kwenye ukumbi wa giza uliza saa kamili na wanaochelewa inakuwaje, kwingi mlango ukifungwa umefungwa. Na umwambie mtu wa upande wetu ukweli, watoto wamefika wapi kwenye mada na vituo vyako ni vipi, muongozaji akijua hatawapa ile hotuba ya jumla ya saa zima.

Masharti ya ndani yape sababu, mtoto anatii sababu kuliko bango. Kwanini hatugusi wanyama waliokaushwa? Kwanza mafuta ya mikono yanaharibu, lakini pia ngozi nyingi za zamani zilipakwa arseniki kuzuia wadudu, sumu kabisa, na inaweza kuwepo mpaka leo. Ukisema neno sumu utaona mikono yote inaingia mifukoni. Kwanini humu ndani giza giza? Mwanga unafubaza rangi za manyoya na ngozi, na ndo sababu sehemu nyingine hawataki mwanga wa kamera.

Kuna watoto wataogopa, mifupa ya binadamu, vijusi kwenye chupa, wanyama wenye macho ya kioo. Ukienda kukagua weka alama sehemu hizo, waambie mapema, na asiyetaka asilazimishwe wala asichekwe. Na kwenye suala la mabadiliko ya viumbe, kuna familia zitakuwa na maswali ya kidini, ni bora barua ya wazazi iseme wazi watoto wataona visukuku na maelezo ya kisayansi ya umri wake kuliko mzazi kusikia nyumbani usiku. Mimi mtoto akiniuliza namuonyesha ushahidi na jinsi wanasayansi wanavyousoma, imani ya nyumbani kwao siigusi. Barua hiyohiyo ndo ya kuomba ruhusa, mzio, dawa, na kama picha za mtoto zinaweza kurushwa mtandaoni au la.

Kuhesabu watoto sasa, na hapa nina aibu yangu. Mwaka wa pili wa ualimu nilipeleka 41, wakati wa kuondoka nikahesabu vichwa kwenye basi, 41, tukaondoka. Dakika kumi mbele mtoto mmoja analia, namuangalia simjui. Alikuwa wa shule nyingine, sare za rangi moja, kafuata mkumbo, na wangu mmoja yuko bado chini ya kiunzi cha tembo anatusubiri, ametulia kabisa, kwa sababu nilikuwa nimewaambia ukipotea simama kwa tembo. Idadi ilitimia lakini mtoto hakuwa wetu! Tangu siku ile sihesabu vichwa, kila mtoto ana namba yake anaitaja kwa sauti, na kila kiongozi anasoma majina. Na mahali pa kukutana pawe kitu kikubwa ambacho mtoto hawezi kukikosea, sio "karibu na mapokezi".

Turudi kwenye karatasi yako. Wape karatasi tupu, moja, na penseli (kalamu ya wino sehemu nyingi hawaruhusu ndani), na ubao mgumu wa kuandikia. Upande mmoja mtoto achore kitu kimoja tu, kwa dakika 10, bila kufuta. Wengi watasema sijui kuchora, waambie hatutafuti uzuri, mkono unalilazimisha jicho lihesabu, huwezi kuchora mguu wa mbuni bila kugundua una vidole viwili. Upande wa pili aandike swali moja ambalo hakupata jibu lake. Basi.

Mkirudi usiwape insha ya "ziara yetu" jioni ileile, wamechoka na wewe umechoka. Subiri siku mbili, wachore kile kitu tena kwa kumbukumbu, alafu walinganishe na mchoro wa kule, hapo utajua nani aliona nini kuliko mtihani wowote. Yale maswali 84 yasome, yanayofanana yaunganishe, yaliyobaki mtumie afisa elimu wa makumbusho, sisi huwa tunayapenda kweli na yanatusaidia kujua vibao vyetu vimeshindwa wapi. Na baadhi ya makumbusho yana sanduku la kugusa wanaloazimisha shule, mafuvu ya nakala, manyoya, meno, visukuku vidogo, liulizie siku ileile unapoweka nafasi ili liwafikie kabla ya ziara, kwa sababu huwa ni moja au mawili tu na walimu wenzetu kurudisha kwa wakati, mh.